Mheshimiwa, Mtoto Aliye Kwenye Mashine Hasomwi kwa Macho

Kwa Mheshimiwa unayesimamia huduma za afya huku kwetu Lamu,

Assalaam aleykum. Baada ya salamu na heshima zako, tunakuandikia hadharani kwa kuwa barua tatu tulizoleta ofisini hazikujibiwa. Siku zilipokabidhiwa mashine za kupumulia ulisema mbele ya watu kuwa vifaa vya watoto vinafuata baada ya wiki mbili. Huu ni mwezi wa nane tangu siku hiyo. Na juzi mtoto amevushwa kwa boti hadi Mokowe, akaingizwa kwenye ambulensi kuelekea Malindi, safari ya zaidi ya kilomita 200, na karatasi yake ina maneno mawili: "hali mbaya". Anayempokea huko atajuaje kama anapata nafuu au anazama?

Mama akiuliza, "Mwanangu atapona?", hajibiwi kwa kumtazama mtoto usoni. Kuna hesabu. Chukua wastani wa shinikizo la hewa unaoonekana kwenye mashine, zidisha kwa asilimia ya oksijeni anayopewa, gawanya kwa namba inayosomwa na kipimo cha kidoleni, kile kinachoonyesha asilimia ya oksijeni kwenye damu. Shinikizo 14, oksijeni 60, kidole 92: jibu ni 9. Saa nne baadaye shinikizo ni 18, oksijeni 80, kidole 90: jibu ni 16. Kidole kimeshuka namba mbili tu, na anayepita mlangoni ataona mtoto ametulia, kumbe mapafu yanakwenda. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 kuhusu mapafu ya watoto mahututi unahesabu 12 na kuendelea kuwa ugonjwa mkali, na unataka ukali huo upimwe baada ya saa 4 tangu ugonjwa kutambuliwa, si dakika ile mpira wa kupumulia unapoingia kooni.

Hesabu hii haihitaji hata tone la damu. Inahitaji probu, yaani kile kibanio cha kipimo, inayokaa kwenye kidole cha mtoto, na hiyo ndiyo hatuna. Probu ya mtu mzima inapwaya, mwanga unapita kando ya kidole, namba inaruka kutoka 84 hadi 97 na kurudi. Tunaifunga kwa plasta kwenye unyayo. Mtoto akitikisa mguu, imepotea. Tena kidole kikisoma 98 au 100 hesabu haifai: lazima oksijeni ishushwe kwanza hadi kisome 97 au chini yake. Na vipimo hivi husoma juu kidogo kwenye ngozi nyeusi, yaani ngozi ya watoto wetu wengi, ndiyo maana tuliomba pia mashine ya kupima gesi za damu pamoja na dawa zake.

Tunadhani kosa limeanzia kwenye oda, kwamba aliyeiandika aliagiza mashine peke yake. Vile vya kupasha na kulowesha hewa havikuja. Mpira wa mtoto wa miaka miwili una upana wa milimita 4 tu; hewa kavu ikipita usiku kucha, makohozi yanaganda ndani yake. Kidole kinashuka, tunaongeza oksijeni, hesabu inapanda, na mtoto anaandikwa kuwa mapafu yamekufa, kumbe mpira umeziba. Utabiri wa namna hiyo ni dhuluma kwa mtoto na kwa mzazi wake.

Sasa tunasikia kuna mpango wa kutumia alama za kompyuta kuamua nani apewe rufaa. Kama ni kweli, tunaupinga. Kanuni iitwayo PIM3, ya 2013, ya kukadiria uwezekano wa mtoto mahututi kufariki, hutumia vipimo vya saa ya kwanza: mboni zinavyojibu mwanga, presha, oksijeni, asidi ya damu na mengine. Ilitengenezwa kwa watoto wa Australia, New Zealand, Ireland na Uingereza. Haikutengenezwa kwa watoto wetu wenye malaria kali, selimundu na utapiamlo. Na ikitoa asilimia 20, maana yake kati ya watoto 100 wanaofanana naye 20 hufariki. Haisemi kama yeye ni mmojawapo. Alama hizo ni za kupima utendaji wa wodi, si za kumwacha mtoto gatini.

Mtungi wa oksijeni wa lita 680, kwa lita 10 kila dakika, unakwisha kwa dakika 68. Malindi ni mbali na hapo. Hilo nalo tuliliandika.

Mheshimiwa, kama huwezi yote, lete probu. Mbili za watoto kwa kila kitanda, moja ikiharibika nyingine ipo, na karatasi ya kuandika zile namba tatu kila saa nne, iende na mtoto ndani ya boti. Probu, Mheshimiwa. Kabla ya mtoto mwingine kuvushwa.

Wako katika kazi,
Wauguzi na matabibu wa watoto, Lamu