Barua kwa mwanangu: kabla hujaituma ile fomu

Muheza, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo. Baba yako magoti yanamsumbua na hizi mvua lakini shambani anakwenda hivyo hivyo, na wadogo zako wanakusalimu. Ujumbe wako niliusoma kwa sauti, baba yako akaniomba niurudie, kisha akauchukua mwenyewe akaanza kutafuta miwani. Kwamba chuo chako kimekuweka kwenye orodha ya wahitimu wa miaka ya karibuni watakaotambuliwa kwa kazi zao na kwa kuitumikia jamii, hongera sana, mama. Majirani wameshajua, na usiniulize nani kawaambia.

Umeniomba nikusaidie kufikiri cha kuandika. Umesema fomu ina sehemu mbili, moja mafanikio ya kazi, nyingine huduma kwa jamii. Ningekupigia, lakini haya mambo nikiyasema kwenye simu utanikatiza uniambie "mama, najua". Kwa hiyo naandika.

Kwanza la fedha tulimalize. Siku hizi kuna tuzo ambazo mtu anapongezwa asubuhi na mchana anatumiwa ankara: alipie meza, alipie picha, alipie hata ngao yenyewe. Nyingine mshindi ni yule mwenye ndugu wengi wa kumpigia kura kwa simu, na kila kura inakatwa salio. Hiyo ni biashara kama ya machungwa, ila sisi wa machungwa hatumwambii mnunuzi kwamba tumemheshimu. Chuo, kwa ulivyonieleza, hakijakudai kitu. Basi nenda. Na usianze ile tabia yako ya kusema wapo wanaostahili zaidi. Wapo, na wewe kubaki nyumbani hakutawasaidia.

Sehemu ya kazi umeijaza vizuri. Mitihani ya bodi ya wahasibu umefaulu, cheti chako cha uhasibu, CPA, unacho, umepandishwa cheo, yote yaandike bila haya. Mimi lakini nikiulizwa mwanangu amefanya nini kazini, huwa nataja lile la ghala. Pale ulipoanzia kazi, ulipoletewa karatasi ya hesabu ya mali utie sahihi, na wewe mguu wako haujawahi kukanyaga ghala hilo. Ukasema utatia ukishahesabu. Wakacheka, wakasema hapa ndivyo tunavyofanya. Hukutia. Mkataba ulipokwisha hawakuuendeleza, ukakaa kwa shangazi yako Temeke ukizungusha bahasha ofisi hadi ofisi, na kuna jamaa zetu waliosema umeringa. Hili huwezi kuliandika, maana litasomeka kama unamsema mtu, na wala sikwambii uliandike. Nataka tu ujue kwamba kwenye hii nyumba linahesabiwa kabla ya hayo mengine.

Sehemu ya jamii ndiyo nina maneno nayo, kwa sababu jamii yenyewe ni mimi.

Umeandika kwamba "umewawezesha kiuchumi wanawake 120". Hao 120 umewatoa wapi? Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina watu 27. Kile cha kule njia panda ulichokwenda kukisaidia kina 24. Hiyo ni 51, na wanne kati yao ni wanaume. Labda umehesabu na waume na watoto na mbuzi. Mwanangu, wewe ni mkaguzi wa hesabu. Mtu akikuletea kitabu chenye 120 mahali penye 51 ungemfanya nini?

Najua fomu za namna hiyo zinapenda idadi kubwa, na najua wenzako wataandika maelfu. Waache. Ulichofanya hapa hakihitaji kukuzwa, kinahitaji kuelezwa, na ndicho ambacho hukukieleza.

Hebu nikukumbushe. Ulipokuja likizo ile na kompyuta yako ukitaka kutuwekea hesabu humo, ulikaa nasi siku ya kikao. Kasha la fedha likaletwa na kufuli zake tatu, na washika funguo watatu wakakaa kila mmoja mahali pake. Kwa kawaida yetu, kabla kasha halijafunguliwa mwenyekiti huuliza: mara ya mwisho tuliacha kiasi gani? Kompyuta yako ilikuwa bado inaamka. Yule bibi anayeuza mihogo, ambaye kitabu chake cha hisa hukishika kichwa chini miguu juu, akataja salio lote mpaka mia ya mwisho. Wakafungua, wakahesabu, ikawa hivyo hivyo. Nilikuona ulivyomtazama. Ukafunika kompyuta, ukaomba daftari la kaunta.

Hapo ndipo kazi yako ilipoanza, na kamati ya chuo haiwezi kulijua hilo usipowaambia. Sisi tulikuwa tunakariri salio moja tu. Fedha za hisa na fedha za mfuko wa jamii, zile za misiba na maradhi, zilikuwa zinalala pamoja, na kila tulipofika kwenye mgao wa mwisho wa mwaka ugomvi ulikuwa haukosi: huyu anasema alizikiwa kwa fedha za hisa zake, yule anasema mfuko umeliwa. Wewe hukuleta kanuni za chuoni. Ulileta mfuko wa pili wa kitambaa, ukatwambia kuanzia leo tunakariri namba mbili, ya hisa na ya jamii, na anayetaja ya hisa asiwe ndiye anayetaja ya jamii. Basi. Bibi wa mihogo alichukua ya hisa, mimi nikapewa ya jamii. Mgao uliofuata hakuna aliyepandisha sauti, isipokuwa mume wa mtu, naye si mwanachama.

La pili ni lile la Januari. Ulipitia vitabu vyetu vya nyuma ukaona kwamba kila mwaka tunagawana Desemba, tunakula sikukuu, halafu Januari shule zikifunguliwa kila mtu anataka mkopo wa sare, viatu na madaftari, na kasha halina kitu. Msimu wa machungwa ukifika watu wana fedha, wananunua hisa tano tano kila kikao, na hakuna anayetaka kukopa. Ukashauri kila mmoja abakize sehemu ya mgao wake ili mzunguko mpya uanze na mtaji. Walipinga. Tukabishana vikao viwili, tukakubaliana nusu. Mimi mwenyewe nilikuwa upande wa wapinzani na bado sijashawishika sawasawa, maana Desemba nayo ina mambo yake. Liandike hivyo hivyo, kwamba ushauri ulikubaliwa nusu. Msomaji mwenye akili atakuamini zaidi.

La usajili litaje kwa sentensi moja. Ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipotutaka vikundi tusajiliwe, ulituandalia katiba na mihtasari, ukaenda na mwenyekiti halmashauri hadi cheti kikatoka. Sasa tunaweza hata kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hatujaomba. Wanachama wanaogopa deni la serikali kuliko deni la jirani.

Halafu kuna jambo umelificha, sijui kwa aibu au kwa kusahau. Umejieleza kama mtu aliyetoka Dar kuja kutusaidia. Wewe si mfadhili wetu. Una kitabu cha hisa, unatuma fedha kwa simu, na umetozwa faini ya kuchelewa kama mtu mwingine yeyote. Na ada ya mtihani wa mwisho wa bodi, ule uliokuletea CPA, uliitoa wapi? Ulikuwa huna kazi, uko Temeke, sisi hapa mfukoni hatuna kitu. Ulikopa kwenye kasha. Kanuni inasema mkopo usizidi mara tatu ya hisa zako, na hisa zako zilikuwa chache, kwa hiyo ilibidi wanachama wawili wakudhamini. Mmoja ni bibi wa mihogo. Ulirudisha na riba, kwa wakati, hakuna anayekudai. Sasa niambie, hilo utaliweka sehemu ya kazi au sehemu ya jamii?

Ndiyo maana fomu yenye sehemu mbili inanipa tabu. Watu ninaowaheshimu kati ya waliotuzwa ni wale ambao huwezi kusema kazi imeishia hapa na huduma imeanzia pale. Mwaka 2019 mwalimu mwenzangu wa Kenya, Peter Tabichi, alipewa ile tuzo ya walimu ya dunia huko Dubai, dola milioni moja. Ni mtawa, alikuwa anafundisha hesabu na sayansi katika shule ya sekondari ya Keriko, Nakuru, na sehemu kubwa ya mshahara wake, asilimia 80, alikuwa anawapa wenye shida. Watu wote walishika hilo la mshahara. Sisi walimu tulishika lile jingine, kwamba watoto wa shule ya kijijini yenye kompyuta moja walishindana kwenye sayansi na watoto wa shule kubwa za taifa. Hicho ni kipindi cha Jumatatu asubuhi, kimefundishwa ipasavyo. Mwaka 2022 muuguzi wa Marsabit, huko huko Kenya, Anna Qabale Duba, naye alipewa tuzo ya wauguzi ya dunia Dubai, dola 250,000. Ni binti wa jamii ambayo wasichana wengi huozwa mapema, akasoma, akawa muuguzi, na akaanzisha shule kijijini kwao ambamo watoto wanasoma na wazazi wao nao wanasoma. Ukimwuliza lini anakuwa muuguzi na lini anakuwa mtu wa jamii, sidhani kama atakuwa na jibu.

Sisi tulipokuwa chuo cha ualimu Korogwe tulifundishwa mfano wa Mwalimu Nyerere, kwamba msomi ni kama mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta chakula. Akila asirudi, ni msaliti. Tulifundishwa pia ya Oktoba 1966, wanafunzi wa Mlimani walivyoandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na bango moja likisema afadhali wakati wa ukoloni. Mwalimu aliwafukuza kwa mamia, na siku ile ile akajikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Mfano ule naupenda kwa ukali wake. Lakini kwako haukai vizuri. Kijiji hakikukupa chakula chote ukaondoka nacho. Kilikukopesha, ukalipa, kikakukopesha tena. Na deni la masomo unalo kwa Bodi ya Mikopo, wanakukata asilimia 15 kila mwezi bila kusahau wala kukupongeza. Kwa hiyo usiandike kwa sauti ya mtu anayelipa fadhila. Andika kama mwanachama.

Jambo jingine, na hili si la fomu. Yule mwenzako mliyekaa chumba kimoja, aliyekuwa anakufundisha hesabu za gharama usiku mpaka mkafukuzwa maktaba. Alikushinda darasani, ulisema mwenyewe. Mama yake alipopata kiharusi alirudi kwao kumwuguza, na mpaka leo yuko huko, anageuza mgonjwa kitandani asubuhi na jioni na kuuza vocha barazani. Hakuna kamati itakayofika kwenye baraza ile. Mpigie kabla hajaiona picha yako kwenye simu za watu. Usimpigie kumwomba radhi, hujamkosea. Mwambie habari, ucheke naye, umwulize mama yake anaendeleaje. Na kama kwenye fomu kuna mahali pa kutaja waliokufundisha, jina lake litangulie la profesa.

Nguo: ile ya kitenge cha bluu bado inakutosha? Kama imebana niambie mapema, fundi wetu ana foleni. Umesema unaruhusiwa kuja na watu wawili. Baba yako ameshachomoa viatu vyake vya harusi kabatini, vimekakamaa, anavipaka mafuta ya nazi kila jioni, kwa hiyo usimwambie kwamba nafasi yake umempa mwenyekiti. Mimi ndiye ninayeweza kumpisha mtu, na nikimpisha nitampisha bibi wa mihogo. Tutazungumza.

Fomu ukishaisahihisha nitumie kabla ya Jumatano. Tunafungua kasha saa tisa, nitawasomea wanachama baada ya faini na kabla ya mikopo. Wakipinga neno lolote, utalitoa. Na hisa zako za mwezi huu hujatuma.

Mama yako