Malalamiko kuhusu seti za lebo za majina kwa nguo za wanafunzi wa bweni

Kikundi cha mafundi cherehani,
Eneo la sokoni,
Tabora.

10 Februari 2025

Meneja Mauzo,
Kampuni ya vifaa vya ushonaji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: SETI 24 ZISIZOLINGANA NA MAELEZO YA BOKSI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Desemba mlituuzia seti 24 za kuandikia majina kwenye nguo za wanafunzi, kila moja kwa shilingi 28,000, jumla shilingi 672,000. Tumefungua 9. Zilizobaki 15 bado zimo ndani ya nailoni zake. Tunaomba mzichukue zote, na hapa tunaeleza kwa nini.

Ingekuwa ni kitu kimoja kibovu ndani ya boksi tungekitupa na kununua kingine hapa hapa sokoni, barua isingekuwepo. Shida ni kwamba uzi, sindano, utepe na karatasi ya maelekezo havijuani. Kila kimoja kingefaa mahali pengine, kwa mashine nyingine na kwa nguo nyingine. Mtu amevikusanya, akavifunga pamoja, akaandika "seti".

Tuanze na uzi, maana ndio uliotuharibia jina kwa wazazi. Boksi limeandikwa "poliesta asilimia 100". Si poliesta. Fundi yeyote anaweza kuhakikisha kwa kiberiti: kata uzi wa urefu wa kidole, ushike kwa koleo, usogeze kwenye moto. Poliesta hujikunja ikikimbia moto, huyeyuka, na ikipoa huacha tone gumu jeusi ambalo halisagiki kwa vidole. Uzi wenu umewaka moja kwa moja kama karatasi, ukaacha jivu laini la kijivu. Hiyo ni rayoni, uzi unaotengenezwa kwa massa ya mti. Rayoni ina mng'ao mzuri kuliko poliesta, hatukatai, na kwenye kitambaa cha meza au pazia la sebuleni tungeitumia wenyewe. Lakini ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Chukueni uzi huo mkavu muuvute, kisha mwingine ulioloweshwa dakika tano muuvute. Tofauti mtaisikia mikononi kabla hamjaiona.

Nguo ya mwanafunzi wa bweni hufuliwa kwa mkono. Hulowekwa kwenye ndoo usiku kucha na sabuni ya unga, asubuhi hupakwa sabuni ya mche, na kola na pindo husuguliwa kitambaa kwa kitambaa. Yaani lebo inasuguliwa saa ile ile uzi wake ukiwa umelowa, dhaifu kuliko wakati wowote. Herufi zenye mikunjo, S, B na R, ndizo zinazotangulia kufumuka. Uzi mwekundu nao unachuja. Mashati meupe yaliyolowekwa pamoja na lebo nyekundu yametoka na doa la waridi mgongoni, lenye umbo la lebo. Kupima hili kabla ya kuuza ni kazi ya dakika moja: lowesha kitambaa cheupe cha pamba, kilaze juu ya uzi, bandika pasi ya moto. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, uzi huo haukai karibu na shati jeupe. Na jiki je? Matroni hawaruhusu shati la njano-njano, kwa hiyo mashati meupe hutiwa jiki. Uzi wenu mweusi ulioguswa na jiki umegeuka kahawia.

Sindano. Kila seti ina sindano 10 zenye shina la mviringo mtupu, lisilo na upande bapa. Hizo ni za mashine za kiwandani. Cherehani za kukanyaga tunazotumia hapa, zile za kichwa cheusi zilizojaa Tabora na Kigoma nzima, hutumia sindano yenye shina lenye upande mmoja bapa, zile ambazo pakiti yake huandikwa 130/705 H au HAx1. Ule upande bapa ndio unaoiweka sindano isimame inavyotakiwa, ili tundu na ule mfereji uliochongwa nyuma yake vielekee kwenye ncha inayodaka uzi kule kwenye bobini. Sindano ya mviringo utaikaza kwa skrubu, itashika, lakini ikigonga kitambaa kinene inajizungusha kidogo. Ikijizungusha, ncha haikuti kitanzi cha uzi: mishono inaruka. Ikijizungusha zaidi, ncha inaigonga yenyewe: sindano inavunjika na ncha inabaki na mkwaruzo unaokata uzi hata baada ya kubadilisha sindano. Mkwaruzo huo tunausugua kwa msasa laini sana, na usipokwisha tunanunua kifaa kipya. Hesabu hiyo hatuijumuishi kwenye madai, ila mjue ipo.

Tena zote ni namba 75/11, yaani nyembamba. Kwa kuandika herufi juu ya utepe mwembamba namba hiyo inafaa. Kwa kushonea lebo kwenye kaki ya suruali, pale kiunoni ambapo kuna matabaka manne ya kitambaa, inapinda. Pale inatakiwa 90/14, na kaki ikiwa nzito 100/16. Sweta na tisheti za michezo zinataka sindano ya ncha butu, kwa sababu ncha kali inakata nyuzi za kitambaa kilichofumwa, na baada ya kufua mara kadhaa tundu dogo linakuwa jicho. Seti ya lebo iliyotengenezwa na mtu anayeshona ingekuwa na sindano za namna tatu.

Utepe ni wa pamba, upana milimita 12, mita 10 kwa kila roli. Pamba tunaipenda, haikwaruzi shingo. Lakini utepe huu haukufuliwa kabla ya kufungwa. Kipande cha mita 1 tulichokiloweka kwenye maji ya moto kimekauka kikiwa sentimita 95. Lebo ya milimita 60 kwa hiyo hupungua milimita 3, na shati la tetroni ambalo lebo imeshonewa halipungui chochote. Matokeo yake ni lebo iliyovuta kitambaa pande zote nne na kukifanya kijikunje kama ngozi ya maziwa. Dawa tunaijua: loweka roli zima usiku kucha, anika bila kuvuta, piga pasi, ndipo uandike. Tulifanya hivyo kuanzia seti ya nne. Ila ukifanya hivyo mita 10 zinakuwa mita 9 na nusu, na boksi halikusema.

Hapo tunafika kwenye idadi. Boksi linasema "lebo 200". Mita 10 kugawa kwa 200 ni milimita 50 kwa lebo. Toa milimita 15 za kukunja ncha mbili, zinabaki 35. Herufi kubwa inayosomeka, yenye urefu wa milimita 6, inakula milimita 4 za upana pamoja na nafasi yake. Kwa hiyo mnatuuzia lebo za herufi 8. Hilo linamtosha mtoto anayeitwa Amy Lee. Jina kama Nyamizi Masanja lina herufi 14 na nafasi moja katikati, milimita 60, na ukiongeza mikunjo ni 75. Roli linatoa lebo 133, kabla ya kulifua. Kufupisha jina kuwa "N. Masanja" hakusaidii, kwa sababu katika bweni moja la Unyamwezini utawakuta akina N. Masanja watatu.

Mwanafunzi mmoja ana mashati 3, sketi au suruali 3, sweta 2, mashuka 4, foronya 2, tisheti 2, soksi jozi 4 ambazo ni lebo 8, taulo na chandarua. Jumla 26. Kwa hesabu ya boksi, seti moja ingetosha wanafunzi 7. Imetosha 5, na tuliwatoza wazazi kwa hesabu ya 7.

Karatasi ya maelekezo ndiyo iliyotufumbua macho kuhusu asili ya mzigo huu. Inamzungumzia mtoto anayekwenda kambi ya kiangazi kwa wiki mbili, jambo la kawaida Marekani, na inamshauri mzazi abonyeze kibonye cha herufi, achague ukubwa, mashine iandike. Wiki mbili ni kufua mara mbili au tatu, tena kwa mashine. Huku mwanafunzi anaripoti Januari na wengine hawaioni nyumba hadi Juni. Shati linalofuliwa mara mbili kwa wiki litakuwa limefuliwa mara 40 kabla mama hajaliona tena. Hatulaumu waliotengeneza kwa ajili ya kambi. Tunawalaumu ninyi mliobandika picha ya mwanafunzi mwenye sare za Kitanzania juu ya boksi lile lile.

Karatasi hiyo inasema ncha za utepe zichomwe kwa kiberiti zisichanuke. Hilo ni la utepe wa nailoni au poliesta, unaoyeyuka na kujifunga. Pamba haiyeyuki, inawaka. Inasema pia lebo ikishashonwa ipigwe pasi ya nukta tatu, ambayo ni nyuzi joto 200. Pamba inavumilia, tetroni iliyo chini yake ina poliesta, na mwisho wake ni nukta mbili, nyuzi 150. Wanaotumia pasi ya mkaa hawana nukta yoyote ya kutazama. Kwao maelekezo yangesema: weka kitambaa chenye unyevu juu ya lebo, gusa na kuinua, usiburute.

Kibonye cha herufi hatuna, na hatukihitaji. Kwa faida ya mtakayempa kazi ya kuandika karatasi mpya, hivi ndivyo jina linavyoandikwa kwa cherehani ya kukanyaga. Utepe usikatwe kwanza. Uulaze juu ya ukanda wa karatasi ya daftari, maana utepe mwembamba hauingii kwenye pete ya kudarizi, na bila kitu chini yake unajikunja. Chora mistari miwili ya penseli, milimita 6 kati yake. Ondoa mguu unaokandamiza kitambaa, shusha meno yanayosukuma kitambaa au yafunike kwa bati lake, ili mkono wako ndio uupeleke utepe. Kisha shusha wenzo wa mguu ingawa mguu wenyewe haupo. Hapa ndipo wanaojifunza wanapokwama: wenzo ukiwa juu, visahani vinavyobana uzi vinabaki wazi, uzi wa juu unamwagika, na chini unakuta kiota. Legeza kidogo mkazo wa uzi wa juu, weka uzi mweupe wa kawaida kwenye bobini. Kanyaga kwa mwendo mmoja, mikono iende polepole; mkono ukiwahi kuliko mguu, mishono inakuwa mirefu na itanaswa na kucha. Pita kila herufi mara mbili. Acha milimita 15 kabla ya jina linalofuata. Mwisho chana karatasi, kata, kunja ncha milimita 7 kila upande, na ushone kuzunguka kwa mshono wa milimita 2, ukirudi nyuma mishono mitatu kwenye kila kona.

Kwenye soksi msimwambie mtu ashone utepe kuzunguka. Soksi inavutika, mshono ulionyooka hauvutiki, unakatika siku ya kwanza. Shonea upande mmoja tu wa lebo, mwingine uning'inie ndani, au andika kwa sindano ya mkono. Kwenye chandarua lebo ikae juu ya pindo nene la ukingoni, isitoboe wavu.

Madai yetu ni haya. Mturudishie shilingi 420,000 za seti 15 ambazo hazijafunguliwa, pamoja na nauli ya kuzirudisha. Kwa seti 9 zilizotumika, zenye thamani ya shilingi 252,000, hatutaki pesa. Tunataka uzi wa poliesta wa kudarizi namba 40 unaotosha lebo 1,170, nyeusi na bluu tu, pakiti za sindano zenye upande bapa za 80/12, 90/14 na za ncha butu, na utepe ambao tayari umefuliwa, mita 95. Lebo za wanafunzi 45 tutazifumua na kuzirudia sisi wenyewe bila malipo, kwa kuwa mzazi hakununua kwenu, alinunua kwetu. Na maboksi yaliyoko ghalani kwenu yabadilishwe maandishi: uzi uitwe rayoni, na utepe uuzwe kwa mita, si kwa lebo za kukisia.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Neno "poliesta" kwenye boksi ni maelezo. Tunawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, nakala itakwenda Tume ya Ushindani.

Tumeambatanisha boksi tupu, risiti, karatasi ya maelekezo, roli la uzi mwekundu lililotumika nusu, sindano mbili zilizovunjika, na kipande cha shati lenye doa. Shati hilo tumeshalilipa, msiwe na wasiwasi. Seti 15 zimefungwa kwenye mfuko mmoja wa sulfeti na ziko tayari. Tutumieni jina la atakayezipokea kituo cha mabasi huko Dar es Salaam, kwani mara ya mwisho mzigo wetu ulilala stoo siku sita kwa kukosa jina hilo.

Wenu,

Katibu,
kwa niaba ya mafundi wa kikundi.