Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kumkumbuka Yutaka Katayama na Kuzitunza 240Z Zetu

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi, kwa niaba ya kamati, nina jambo moja: kumkumbuka Yutaka Katayama, mtu wa Nissan, kampuni ya Kijapani iliyotengeneza magari ya Datsun, na kueleza kazi ambayo lazima ifanyike ili Datsun 240Z zilizobaki mikononi mwetu ziendelee kutembea.

Katayama alizaliwa mwaka 1909, akafariki tarehe 19 Februari 2015 akiwa na miaka 105. Mwaka 1958 aliongoza timu iliyopeleka Datsun 210 mbili kwenye mashindano ya kuizunguka Australia, ikarudi na ushindi wa daraja lake. Mwaka 1960 alitumwa Marekani, na huko akawa anawafuata wauzaji wadogo wa magari mmoja baada ya mwingine. Gari jipya la spoti lilipotoka Japani likiwa na jina Fairlady, aliona jina hilo halitamvuta mnunuzi Mmarekani. Akaagiza nembo zing'olewe, zibandikwe 240Z. Jina tunalolitaja kila siku linatokana na uamuzi huo.

Alistaafu mwaka 1977 lakini hakuwaacha wamiliki. Alihudhuria mikutano yao mpaka uzeeni. Z, yaani magari yaliyorithi 240Z, ilipoondolewa kwenye soko la Marekani mwaka 1996, Nissan yenyewe ilirudi kukarabati 240Z za zamani na kuziuza upya, na mwaka 2002 ikaleta 350Z. Haikuwa kazi ya mtu mmoja. Ila bila wale wamiliki aliowatunza kwa miaka mingi, sioni nani angeidai Z irudi.

Huku kwetu gari hili lina historia yake. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally ya 1970 kwa Datsun 1600 SSS, wakashinda tena 1971 kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Lofty Drews waliirudishia 240Z ushindi. Mehta alilingana pointi na Harry Källström wa Datsun 180B, akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi bila adhabu.

Hizo 1600 na 240Z ni ndugu wa damu. Injini ya 1600, iitwayo L16, ina silinda nne zenye kipenyo cha milimita 83 na mwendo wa pistoni wa milimita 73.7. L24, injini ya 240Z, ina vipimo hivyohivyo, ila silinda ni sita: ndiyo maana 1595 cc inakuwa 2393 cc. Kwa hiyo, kwa ajili ya vipuri, mwanachama akisikia kuna 1600 au Datsun 160B inakatwakatwa kwa fundi wa vyuma chakavu, atuarifu kabla kichwa cha injini hakijauzwa kwa kilo. Pistoni zipimwe urefu na umbo la juu kabla ya kufungwa, kwani kipenyo kulingana hakutoshi.

Sasa ukaguzi. Tatizo linalotuumiza kuliko yote ni pini ndefu inayopita kwenye mkono wa chini wa tairi la nyuma. Inashika mkono na nguzo ya shokapu pamoja, na ikikaa miaka bila kuguswa, kutu huigandisha ndani ya chuma cha nguzo. Fundi asiyeijua huchukua nyundo na kuigonga kwenye uzi. Mdomo wa pini unapanuka kama uyoga, na baada ya hapo haipiti popote. Hutoka kwa kukatwa tu. Utaratibu ni huu. Ondoa kwanza kile kipini kidogo cha kufungia kilichoko katikati ya nguzo, maana kikiwa ndani pini kubwa haitatoka hata uivute kwa nguvu gani. Mwagia mafuta ya kupenya kutoka ncha zote mbili na upande wa katikati, rudia kila siku kwa siku kadhaa. Kisha tumia kipande cha bomba, washa nene na nati ili pini ivutwe, isigongwe. Pini mpya ipakwe grisi ya shaba, mfuo wake ukitazama kipini cha kufungia. Nati za mwisho zikazwe gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Ukizikaza likiwa juu ya jeki, mpira wa bushi utabaki umejikunja na utachanika mapema.

La pili ni taa. Umeme wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya usukani na boksi la fyuzi, na vishikio vya fyuzi hupata moto hadi plastiki ikayeyuka. Ukiona rangi ya kahawia kuzunguka fyuzi, usiongeze fyuzi kubwa, utachoma waya. Funga rilei mbili (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) zinazochukua umeme moja kwa moja kwenye betri, kila moja na fyuzi yake. Mwambie fundi wa umeme kwamba swichi ya dimu ya gari hili inakata upande wa negativu. Wengi wanafunga kama walivyozoea kwenye magari mengine, taa zinakataa, kisha gari linalaumiwa.

Valvu zipimwe nafasi injini ikiwa baridi: ya kuingiza 0.20 mm, ya kutoa 0.25 mm. Sauti ndogo ya kugonga ni ya kawaida kwa injini hii. Anayezikaza ili inyamaze ataunguza valvu ya kutoa.

Moshi kuingia ndani kupitia mlango wa nyuma ni hatari kwa dereva, na barabara zetu za vumbi hutuonyesha njia yake bure. Baada ya safari, tazama palipo na mstari mwembamba wa vumbi jekundu: kwenye mpira wa mlango au gaskiti za taa za nyuma. Hapo ndipo moshi nao unapita. Kwa wenzetu wa Pwani, chini ya betri pakaguliwe kila mwezi, kwani asidi na hewa ya chumvi hula bati mpaka kwenye ukuta wa injini.

Kamati inapendekeza 19 Februari iwe siku yetu ya ukaguzi kila mwaka. Kifaa cha kuvutia pini kitakuwepo. Mwenye pini au bushi za ziada azilete ziorodheshwe, tujue tunazo ngapi kabla hatujaagiza nyingine Japani.