Kuziba mishipa ya wengu: kiasi ndicho cha kuuliza

Mhariri,

Makala yenu kuhusu tiba ya kuziba mishipa ya wengu imeeleza vizuri jinsi mrija mwembamba unavyopitishwa kutoka kwenye kinena hadi ateri ya wengu. Imeacha lile linaloamua hatima ya mgonjwa: kiasi gani cha wengu kinazibwa.

Kwa mwenye sirosisi ya ini (ini lililojaa makovu), ambaye wengu wake umevimba na kunasa chembe sahani, yaani chembe zinazosaidia damu kuganda, hauzibwi wote. Kwa kawaida huuliwa asilimia 50 hadi 70. Punje ndogo za kuziba mishipa, mara nyingi za maikromita 300 hadi 700, huchanganywa na dawa inayoonekana kwenye eksirei, zikaingizwa kidogo kidogo huku picha ikipigwa kila hatua. Hapa haraka ni hatari kweli, kwa sababu punje ikishaingia hairudi. Asilimia 70 ikipitwa, uwezekano wa jipu na wa damu kuganda katika vena kuu inayoingia kwenye ini huongezeka. Miaka ya 1970 wengu ulizibwa wote, usaha ukafuata na wengine wakafa. Wengu ukiwa mkubwa sana, ni heri kazi igawanywe mara mbili.

Majeruhi wa ajali ni suala jingine, na anayefaa ni yule ambaye presha yake imetulia. Koili, yaani waya mdogo uliosokotwa, huwekwa kwenye shina la ateri ili kupunguza msukumo wa damu, nao wengu huendelea kulishwa na mishipa midogo itokayo kwenye mfuko wa chakula. Koili iwe pana kidogo kuliko ateri. Ikiwa nyembamba, damu huisukuma hadi kwenye matawi ya ndani na kuua sehemu isiyokusudiwa.

Homa na maumivu chini ya mbavu za kushoto kwa siku kadhaa ni kawaida. Maumivu yasipotulizwa vya kutosha, mgonjwa huogopa kuvuta pumzi ndefu, sehemu ya chini ya pafu la kushoto hujikunja na nimonia huingia. Kwa hiyo apewe dawa kali za maumivu na afundishwe kupumua kwa kina tangu siku ya kwanza. Homa iliyoshuka ikarudi na kutetemeka haifai kusubiriwa: apigwe picha ya CT kutafuta jipu. Na tiba ikiwa ya kupangwa, chanjo dhidi ya bakteria wa nimokoka, meningokoka na Hib zitolewe angalau wiki 2 kabla.