YAH: SAMAKI MGONJWA KUCHOKOZWA KAUNTANI KWENU

Kwa Meneja Mkuu wa duka la samaki wa mapambo, na nakala kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Nawasalimu kwa heshima, na nitajitahidi heshima hiyo ifike hadi mwisho wa barua.

Waranti yenu mnaijua, na maneno yaliyochapwa nyuma ya risiti mliyaandika wenyewe, kwa hiyo sina haja ya kuwasomea. Mnajua pia mnachoahidi kuhusu ushauri wa bure kwa samaki anayeugua. Ushauri huo ndio niliokuja kuuomba, nimembeba beta wangu, yule samaki mdogo wa mapambo mwenye mapezi marefu, kwenye chupa yenye mdomo mpana, mkia umechanika kama kanga iliyonaswa kwenye msumari.

Kijana wenu wa kaunta hakuangalia ukingo wa pezi. Hakuuliza maji yana joto kiasi gani, wala kama samaki anakula. Aliichukua chupa yangu akaisogeza mpaka ikagusana na kikombe chenye beta dume mwingine. Dume kumwona dume, kinachofuata mnakijua: wangu akafura mashavu, akatanua yale matambara ya mapezi yaliyobaki, akaanza kujigonga ukutani mwa chupa. Kijana akawageukia wateja waliokuwa foleni: "Mgonjwa gani anachachamaa hivi? Dada, samaki wako mzima huyu." Watu wakacheka.

Ndugu Meneja, ninyi ndio mnaowauza. Beta anaweza kutunisha mashavu hata akiwa mgonjwa, kwa sababu huko Thailand wamefugwa vizazi na vizazi kwa ajili ya kupigana. Samaki kuchachamaa mbele ya mwenzake si cheti cha afya. Kama kijana wenu halijui hilo, nani alimweka pale?

Na mapezi hayo yaliharibika vipi? Ni dukani kwenu nilikouziwa wale samaki wa milia myeusi wa kukaa naye tangi moja. "Wanaelewana tu, dada, hawana shida." Mfugaji yeyote anajua samaki wale wana tabia ya kunyofoa mapezi, hasa wakikutana na mwenzao mwenye mapezi marefu na mwendo wa pole. Siku hiyo hiyo nikauziwa na majani ya plastiki magumu ya kupamba tangi. Pitisheni kipande cha soksi ya nailoni juu ya majani yale muone kama hainasi.

Halafu ikaja dawa. Niliporudi mara ya kwanza (hii ilikuwa kabla ya ile siku ya kaunta, mnisamehe narudi nyuma), nikapewa methilini buluu, nikaambiwa niimwage ndani ya tangi lenyewe, filta ikiendelea kufanya kazi. Nikafanya kama nilivyoelekezwa na wataalamu wenu. Dawa ile huua pia bakteria wazuri wanaoishi ndani ya filta, wale wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi cha samaki, kuwa nitriti na nitriti kuwa nitreti isiyo kali sana. Wakifa hao, kinyesi cha samaki kinabaki kuwa sumu anayoogelea ndani yake. Kilichokuwa mchaniko msafi kikaanza kubadilika rangi pembezoni, cheusi huku, chekundu kule. Yaani samaki aliyejeruhiwa tu sasa mapezi yanaoza, na dawa niliilipia.

Narudi pale kauntani, maana kila nikijaribu kuandika jambo jingine naishia hapo hapo. Kiyoyozi chenu kilikuwa kinapuliza moja kwa moja juu ya rafu ya vikombe vya beta, samaki anayetaka maji ya nyuzi 25 hadi 27. Kijana alipoigusanisha chupa na kikombe nilinyoosha mkono kuichukua. Akaisogeza mbali nami! "Subiri kidogo dada, ngoja na huyu arekodi." Kulikuwa na mteja ameshatoa simu. Nikasimama pale nikimtazama samaki wangu akipigana na kioo ili watu wapate video, na kipande cha mkia kikachomoka nikakiona kinaelea. Msimamizi wenu alitoka ofisini, akaangalia, akarudi ndani. Ndipo kijana akanirudishia chupa na kauli hii: "Kwani si samaki tu? Chukua mwingine hapo, elfu ishirini."

Si samaki tu. Ni samaki wangu, na ni mkataba wenu.

Ushauri niliostahili kupewa siku ile nauandika hapa, mkipenda mbandike kaunta. Samaki wa namna hiyo hutengwa peke yake, kwenye chombo cha lita 20 hivi, maji yasiyo na mkondo mkali na yaliyoondolewa klorini. Robo ya maji hubadilishwa mara kwa mara, na vipimo vya amonia na nitriti visome sifuri. Chumvi isiyotiwa iodini, kijiko kimoja cha chai kwa lita 4, iyeyushwe kwanza pembeni, na isivuke siku kumi kwa sababu beta ni samaki wa maji yasiyo na chumvi, si wa bahari. Dawa ya bakteria ni pale kuoza kunapokimbilia mwilini. Na jani la mti wa mkungu lililokauka, lioshwe, liachwe litoe rangi yake mpaka maji yawe kama chai nyepesi. Kwenye hili niseme kitu: jani hilo mnaliuza ndani ya pakiti iliyotoka ng'ambo, huku mkungu umesimama nje ya geti lenu ukiyapukutisha kwa walinzi wafagie.

Hayo niliyafanya mwenyewe nyumbani, bila ninyi. Pembezoni mwa mkia sasa kuna utando mwembamba unaopitisha mwanga, ambao ndio pezi jipya. Msije mkatumia habari hii njema kuniambia basi tatizo limekwisha.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nadai vitu viwili: fedha ya dawa, na kuombwa radhi. Lakini jana, badala ya ile simu ambayo huduma kwa wateja waliniahidi, mmenitumia ujumbe wa ofa. Nunua beta wawili, upate punguzo! Kwa hiyo madai yamebadilika.

Nataka fedha ya dawa, ya majani ya plastiki, na ya vipimo vya maji nilivyolazimika kununua kwingine. Wale samaki wa milia mje muwachukue ninyi, kwa usafiri wenu, na mnirudishie bei yao. Radhi iwe kwa maandishi, isainiwe na msimamizi aliyeona akarudi ndani, si na yule kijana peke yake, maana kijana hufanya anachoachiwa kufanya. Tena nataka barua hiyo iseme wazi kwamba kuwagusanisha beta madume mbele ya wateja kumekoma dukani kwenu, na kwamba rafu ile imeondolewa chini ya kiyoyozi.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, nitafungua malalamiko Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, kwa kumpotosha mlaji: mmeniuzia samaki kwa kuniambia wanaelewana, na dawa kwa maelekezo yaliyodhuru. Nchi hii pia ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na nitamwomba mwanasheria aniambie inasemaje juu ya kumchokoza kiumbe mgonjwa ili watu wacheke.

Na yule mteja aliyerekodi alinifuata nje, akanitumia video. Sauti ya kijana wenu inasikika vizuri, bango la kampuni linasomeka, na msimamizi anaonekana mlangoni. Sijaipandisha popote. Bado.

Nimeambatisha nakala ya risiti, picha za mkia kabla na baada ya dawa yenu, na video hiyo. Nijibuni kwa maandishi, si kwa simu.

Wenu katika biashara, kwa sasa,

Mteja (jina na namba vipo kwenye risiti)
Dar es Salaam