Msomi mgeni asihutubie, rasimu yake isomwe kabla

Ndugu Mhariri,

Vyuo vikuu vingi vikimpata msomi mgeni wa nadharia ya siasa humpandisha jukwaani. Anazungumza saa nzima, zinabaki dakika 20 za maswali, watu wanapiga picha na kutawanyika. Huo ni mhadhara, hata kama bango la mlangoni limeandikwa warsha. Tunawaomba waandaaji wabadili jambo moja: mgeni asiisome mada yake ukumbini. Rasimu iwafikie washiriki wiki mbili kabla, isizidi maneno 10,000, na anayekuja awe ameisoma.

Fani hii inadai hivyo kwa sababu uzito wa hoja zake umo katika maneno yenyewe na mpangilio wake, na sikio haliwahi kuyashika yote. Tumtazame Thomas Hobbes, mwanafalsafa wa siasa wa Uingereza. Wengi wanakijua kitabu chake, Leviathan cha mwaka 1651, kwa sura ya 13, ile ya vita vya kila mtu dhidi ya kila mtu. Lakini katika sura ya 21 anasema wajibu wa raia kumtii mtawala unadumu maadamu mtawala ana nguvu za kumlinda, basi. Mgeni akijenga hoja juu ya kauli hiyo, asiye na maandishi mbele yake atajuaje kama imebeba mzigo unaotwishwa? Kwa hiyo kurasa husika za matini ya msingi ziambatanishwe na rasimu.

Siku yenyewe saa mbili zinatosha, washiriki 15 hadi 25, meza moja. Afungue mchokoza mada: dakika 10 za kueleza hoja kwa namna ambayo mwandishi mwenyewe angeikubali, kisha maswali mawili mazito. Mwanafunzi wa uzamivu anaifaa sana kazi hii. Mgeni ajibu kwa dakika tano, mjadala uanze.

Kinachoharibu kuliko yote ni desturi ya kukusanya maswali matatu matatu. Mgeni hujibu lile jepesi, gumu linapotea, na aliyeuliza hapati nafasi ya kusema, "Hapo bado hujanijibu." Liulizwe moja, lijibiwe, mwulizaji arudi mara moja, ndipo aitwe mwingine. Mwenyekiti awe na orodha mbili: mkono ulioinuliwa ni swali jipya, vidole viwili ni nyongeza fupi kwa hoja iliyo mezani, na huyo hutangulia. Maswali manne ya kwanza yawe ya wanafunzi. Profesa akishaanza, wao hujiona swali lao ni dogo, na mara nyingi ndilo lililokuwa linahitajika.

Rasimu ikichelewa, na huchelewa, kusirudiwe jukwaa. Ikiwa haijafika siku tano kabla, ijadiliwe makala ya mgeni iliyokwisha kuchapishwa. Sharti hili liandikwe kwenye barua ya mwaliko, maana kumwambia akishatua ni kumvunjia heshima.

Bajeti nayo ibebe usiku wa pili. Mgeni anayeondoka jioni ileile hawezi kukaa na watafiti chipukizi, nusu saa kila mmoja, juu ya kurasa chache za tasnifu zao. Hata anapolala, ratiba nyingi huitumia asubuhi inayofuata kumzungusha ofisi kwa ofisi akisaini vitabu vya wageni. Asubuhi hiyo wapewe wanafunzi.

Wahadhiri wa nadharia ya siasa