Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kazi Aulizwe Aliyeifanya

Wazee wetu, shikamooni. Wanachama wenzangu, wazazi, walimu, na mafundi mnaotupa saa zenu za mapumziko, asanteni kwa kufika. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia kazi yenyewe: vipi tunamtafutia kijana wa Mombasa ukweli wa kazi, kutoka kwa walioifanya, kabla mzazi hajauza kitu kulipia karo.

Muda wa kuamua umefupika. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na kila mmoja alishachagua mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Zamani mizani ilikuwa matokeo ya Kidato cha Nne. Sasa uamuzi wa kwanza ni wa mtoto wa miaka 14 au 15, na mara nyingi anayemshauri hajaifanya kazi hiyo hata siku moja.

Tunapowaleta wafanyakazi wazungumze na vijana, tumeacha kujaza ukumbi. Mfanyakazi akisimama jukwaani mbele ya shule nzima, mwalimu mkuu kakaa mstari wa mbele, atasifu tu. Meneja wake akiwepo ndiyo kabisa. Kikao kinachozaa ukweli ni cha vijana 8 hadi 10, dakika 40, mbali na mwajiri, tena saa ambayo shifti imetoka. Ijumaa adhuhuri hakuna kikao, na Ramadhani tunaanza baada ya tarawehe au tunaahirisha.

Kwa kila kazi tunataka watu watatu: aliyeingia chini ya miaka miwili, aliyepita miaka kumi, na aliyeiacha. Wa tatu ndiye mgumu kupatikana na ndiye mwenye faida kubwa zaidi. Kisha majibu yao tunayalinganisha. Jambo wakilisema wote watatu, hilo ni la kazi. Akilisema mmoja peke yake, huenda ni la mwajiri wake, au ni uchungu wa kufutwa. Tukichanganya haya mawili tunamtisha kijana bure, au tunampamba bure.

Maswali nayo tumeyachonga upya. Ukimwuliza mtu "Je, kazi yako ni nzuri?" atajibu "Alhamdulillahi," na mazungumzo yameisha. Ulizeni siku moja inayojulikana: juzi uliingia saa ngapi, ulikula saa ngapi, ulitoka saa ngapi? Mshahara wa mwezi uliopita uliingia tarehe ngapi? Kifaa gani ulinunua kwa pesa zako? Nani kazini kwenu ameumia, na aliumia wapi? Wenzako ulioanza nao wako wapi leo?

Pesa ulizeni ya mkononi. Mshahara wa shilingi 30,000 unakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya, ambayo ni 825, asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, 450; na asilimia 6 ya hazina ya uzeeni, 1,800. Hizo ni 3,075 kabla ya kodi ya mapato, na bado nauli ya kutoka Kisauni au Jomvu siku 26. Kijana akipigiwa hesabu hii kwenye karatasi, mbele ya macho yake, huanza kuuliza maswali ya mtu mzima.

Kazi iliyotuchukulia muda mrefu kuliko zote ni ubaharia, maana huku kwetu ndoto ya meli haikauki na matapeli wanaijua. Cheti cha usalama wa msingi baharini kinafunza kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa mtu binafsi na wajibu wake kwa wenziwe. Ni sharti la kupanda meli. Kazi hakikupi. Tena mafunzo ya kujiokoa na ya kuzima moto lazima yahuishwe kila miaka mitano, kwa hivyo anayekaa nyumbani akisubiri meli anaona cheti kinazeeka kabatini.

Kizuizi chenyewe kiko mbele zaidi. Anayetaka kuwa afisa wa zamu sitahani, yaani anayeongoza meli kwa zamu, anahitaji miezi isiyopungua 12 ya kazi baharini ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa. Nje ya hapo ni miezi 36. Nafasi za kuipata miezi hiyo ni chache kuliko wanaomaliza darasa. Kwa hivyo swali la kukiuliza chuo ni hili: wanafunzi wenu wa mwaka juzi walipata meli gani, na kwa miezi mingapi? Chuo kikionyesha picha za sare peke yake, ondokeni mkafikiri.

Na kabla ya hata hilo, macho. Usiku meli huonyesha taa nyekundu ubavu wa kushoto na kijani ubavu wa kulia. Asiyetofautisha rangi hizo hashiki zamu sitahani, hata awe na alama za juu namna gani. Kipimo cha rangi huchukua dakika chache. Kifanywe kabla ya karo. Inauma sana mzazi kuligundua hili muhula wa pili, na tumeazimia kijana yeyote anayepitia kwetu asifike huko.

Kuhusu ada za mawakala: Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya imeuridhia, unakataza baharia kutozwa pesa ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kujilipia ni cheti cha daktari, kitabu cha baharia na pasipoti. Mwenye kudai "pesa ya kushikilia nafasi" anavunja kanuni. Mkataba huohuo unaweka mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 kwa wiki. Mabaharia waulizwe wazi kama saa hizo walizipata au ziliandikwa tu.

Uwakala wa forodha, yaani kuwashughulikia wateja ushuru na karatasi za mizigo, hausifiwi sana vijiweni, ila unalisha nyumba nyingi. Kijana anadhani ni kukimbia na karatasi bandarini. Uzito wenyewe uko kwenye namba ya bidhaa: tarakimu 6 za kwanza ni za dunia nzima, na Jumuiya ya Afrika Mashariki inazifikisha 8. Kosea tarakimu moja na bidhaa inaangukia ushuru mwingine; kontena linazuiliwa, gharama ya kulihifadhi inapanda kila siku, na mteja anamtazama aliyejaza fomu. Anayechoka kusoma maandishi madogo atateseka. Vijana waambiwe pia kwamba kazi hii huhama kwa amri: baada ya reli mpya ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi kuanza 2017, ukaguzi wa mizigo mingi ulipelekwa Nairobi, na Septemba 2022 Rais akaagiza urudi Mombasa. Katikati hapo kulikuwa na ofisi zilizofungwa.

Kwa hoteli swali ni moja: Aprili hadi Juni, wageni wakipungua, nani hulipwa? Jibu linatofautiana na aina ya mkataba, kwa hiyo mkataba uonekane. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya siku mfululizo zinazofikia mwezi, au kazi isiyotarajiwa kuisha ndani ya miezi mitatu, ahesabiwe wa mshahara wa mwezi. Wengi huachishwa siku chache kabla ya kufika hapo. Kijana alijue hilo mapema.

Uchomeleaji nitaupitia mbio, maana mafundi wetu wa Changamwe wameueleza vizuri. Mwanga wa welda hauumi papo hapo. Saa kadhaa baadaye, usiku, ndipo macho yanapowasha kama yametiwa mchanga. Moshi wa bati lenye zinki huleta homa jioni. Kioo cha giza kinachofaa na mahali penye hewa si anasa, na anayekwenda kwenye mtihani wa ufundi Gredi ya III aende ameshazoea vyote viwili.

Kuna upungufu ambao nauweka mezani. Maelezo ya kazi tunayowaandikia vijana yalikuwa yakitaja kampuni, na wasemaji wakaingia hofu. Sasa hatuandiki jina wala kampuni, idhini inaombwa kwanza kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka, na msemaji anasomewa maelezo yake kabla hayajasomwa na vijana. Kila karatasi ina mwezi na mwaka juu, kwa sababu mshahara wa juzi ukisomwa kama wa leo unapotosha.

Mkutano huu naomba uamue mambo mawili: maelezo yaliyopita miaka miwili yaondolewe mpaka yathibitishwe upya, na kila mwanachama alete mtu mmoja aliyeacha kazi. Tumepungukiwa zaidi na wauguzi walioacha zamu za usiku, madereva wa malori ya masafa marefu, na akina mama waliotoka kazi za hoteli. Majina yapelekwe kwa katibu kabla hatujatawanyika.